Shajara ya albamu ya Mvumo: kutoka transfoma ya mtaani hadi simu ya maalim

Naandika shajara hii kwa sababu nilipotafuta maelezo ya namna ya kutengeneza muziki wa kielektroniki wa majaribio kwa vifaa vinavyopatikana soko la Darajani hapa Unguja, sikuyakuta kwa Kiswahili. Kila hatua ikikamilika nitaiandika pamoja na gharama yake, na pale nilipokosea nitapaeleza kwa urefu, maana hapo ndipo mwenzangu atakapookoa fedha na siku zake.

12 Novemba 2023: Nia na vifaa vya kuanzia

Mtaani kwetu Kikwajuni, redio zikishazimwa na watu wakishaingia ndani, sauti inayobaki barazani ni mvumo wa transfoma iliyofungwa juu ya nguzo mbili nyuma ya duka la kona. Nimeusikia tangu utotoni, na kwa muda mrefu nimetamani kutengeneza albamu ambayo noti yake ya msingi ni mvumo huo, na ambayo sauti zake zote, hata zile zitakazobadilishwa hadi zisitambulike, zimenaswa hapa Unguja.

Umeme wetu huzunguka kwa kasi ya hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na chuma kilichomo ndani ya transfoma hujinyoosha na kujirudi mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo sauti inayotoka ni ya hezi 100. Ukiilinganisha na piano, imekaa juu ya noti ya sol kwa theluthi moja hivi ya nusu toni, yaani haiko kwenye noti yoyote. Kila chombo kitakachoingia katika albamu hii italazimu kiifuate transfoma, kwa kuwa yenyewe haitakifuata chombo chochote.

Kinasa sauti kilichokwisha kutumika kimenigharimu TSh 420,000, spika za masikioni TSh 95,000, vidude 10 vya piezo (vile visahani vya shaba vinavyolia ndani ya saa za kengele) TSh 15,000, waya na pini TSh 22,000, na gundi za aina tatu TSh 14,000. Programu nitakayotumia ni Pure Data, ambayo haina malipo na hufanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu kama yangu.

29 Novemba 2023: Kusikiliza chini ya maji, jaribio lililoshindwa

Kisahani cha piezo kikifungwa vizuri na kutumbukizwa baharini hugeuka maikrofoni ya majini. Nilivifunga vitatu kwa silikoni ya kuzibia madirisha, nikaviacha usiku kucha vikauke, na jana nikakodi mashua kwa TSh 45,000 hadi kwenye mwamba ulio mbele ya kisiwa cha Bawe.

Hakuna nilichorudi nacho. Kosa la kwanza lilikuwa la siku yenyewe, kwa kuwa mwezi mpevu ulikuwa juzi, bahari ilikuwa katika bamvua, na maji yalikuwa yakivuta kwa nguvu hata waya ukawa unatetemeka kama uzi wa sanduku la kidumbaki, ile ngoma ya harusini. Nahodha alikuwa amenitahadharisha tangu tukiwa pwani, nami kwa haraka yangu sikumsikiliza. Kosa la pili nililigundua nilipofika nyumbani na kuipasua silikoni kwa wembe: ilikuwa bado inanuka siki, na chini yake shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani mahali waya ulipolehemiwa. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi wakati wa kukauka, na asidi hiyo huila shaba. Anayetaka kunakili kazi hii asiitumie kabisa, hata kama muuza duka atamwapia kwamba haivuji.

Kosa la tatu lilikuwa la umeme. Sauti yote ilikuwa nyembamba, haina besi hata kidogo, kwa sababu kisahani cha piezo kikiunganishwa moja kwa moja na tundu la kawaida la maikrofoni, tundu hilo huinyonya sauti ya chini kabla haijafika kwenye kinasa.

8 Desemba 2023: Jaribio la pili

Nimepaka kila kisahani rangi ya kucha mara tatu, nikisubiri ikauke kila mara, kisha nikakizamisha ndani ya gundi ngumu ya kuchanganya mirija miwili, ile ambayo mafundi wa mashua hutumia kuziba nyufa ndogo. Katikati ya waya na kinasa nimeweka kisanduku chenye transista moja ya aina ya feti na rezista ya megaomu moja kwenye lango lake. Vipande hivyo pamoja na betri vimenigharimu TSh 18,000. Waya wote nimeuzungushia karatasi ya fedha ya jikoni na kuiunganisha na ardhi ya kisanduku, ili usizoe mivumo isiyotakiwa.

Tulitoka tarehe 6, siku ya maji mafu, kwa nahodha yule yule na bei ile ile. Bahari ilikuwa imetulia kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi. Niliposhusha kisahani hadi mita nne, nikasikia mlio ambao sitausahau: kama vitumbua mia vinavyochomwa kwenye karai moja, bila kupumzika, kutoka kila upande. Hao ni kamba wadogo wa mwambani, ambao hufyatua gando moja kwa kasi hadi kipovu kikapasuka ndani ya maji. Nilimvalisha nahodha spika za masikioni. Alisikiliza kwa muda mrefu, akaniambia kwamba babu yake alikuwa akiweka sikio kwenye kafi ili ajue kama mwamba u karibu, na kwamba hakuwahi kumwamini hadi siku hiyo.

Nimepata dakika 52 safi. Vipande viwili vya albamu, *Bamvua* na *Maji Mafu*, vitatokana nazo.

3 Januari 2024: Nungwi

Nimekaa siku mbili kwa mafundi wa majahazi na kunasa kalafati, yaani ile kazi ya kushindilia pamba katikati ya mbao kwa patasi na nyundo ya mti. Nauli na kifuta jasho cha mafundi ni TSh 30,000. Siku ya kwanza iliharibika yote, kwa kuwa niliweka kiwango cha kunasa juu mno na kila pigo likavunjika kileleni. Siku ya pili nilikishusha hadi pigo kubwa kabisa likafika desibeli 12 chini ya kikomo, na tatizo likaisha. Mafundi wawili wakipiga kwa wakati mmoja upande huu na huu wa jahazi, mapigo yao huachana na kukutana tena kila baada ya muda, na ubavu mtupu wa chombo huyajibu kwa mrindimo. Katika *Kalafati* sitaongeza ngoma yoyote, kwa kuwa jahazi lenyewe ni ngoma.

27 Januari 2024: Ganuni, sika, na siku 9 zilizopotea

Sehemu hii naiandika kwa kirefu, kwa kuwa sijaona mahali pengine ilipoelezwa kwa mtu wa taarabu.

Nilitaka kipande kimoja kiwe na mashine inayoimba katika makamu (ngazi ya noti) ya rasti, ambayo noti yake ya tatu, sika, haiko kwenye piano: imekaa kati ya noti mbili. Wanaohesabu huigawa oktavu katika sehemu 1,200 zinazoitwa senti, nusu toni moja ikiwa senti 100, na vitabu huiweka sika kwenye senti 350 juu ya noti ya msingi. Kibodi yangu huwasiliana na mashine za sauti kwa lugha ya MIDI, ambayo haijui robo toni. Njia iliyozoeleka ni kuipiga noti ya karibu kisha kuipinda kwa amri maalumu. Amri hiyo ina namba kuanzia 0 hadi 16,383, katikati yake ikiwa 8,192. Mashine ikiwa imepangwa kupinda kwa nusu toni mbili kila upande, namba 6,144 huishusha noti kwa senti 50 kamili. Hesabu yangu ilikuwa sahihi na sauti ikatoka vizuri.

Kisha nikabadilisha mashine ya sauti nikaweka nyingine yenye mlio laini zaidi, na kila kitu kikaharibika. Noti ya tatu ikawa inaporomoka hadi kubaki nusu toni moja tu juu ya msingi. Kwa siku 9 nilitafuta kosa katika hesabu zangu, katika waya na hata katika kompyuta, kumbe mashine ya pili ilikuwa imepangwa kupinda kwa nusu toni 12, na namba ile ile ya 6,144 kwake ni senti 300. Tena, nilipotaka kupiga noti mbili kwa pamoja, amri ya kupinda ilizipinda zote mbili, kwa kuwa huhusu njia nzima ya MIDI, ile inayobeba noti zote, na si noti moja.

Suluhisho lilikuwa kuachana na kibodi. Katika Pure Data niliandika masafa ya kila noti moja kwa moja, nikianzia hezi 100 za transfoma: noti ya pili 112.2, sika 122.4, ya nne 133.5, ya tano 149.8, ya sita 168.2 na ya saba 183.4. Hapo hapana kupinda wala njia, kila noti hujitegemea.

Nilidhani nimemaliza. Nikampelekea maalim wangu wa ganuni, kinanda cha nyuzi cha taarabu, ambaye alinifundisha kushika kinanda hicho nikiwa na miaka 14. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akauliza: «Sika hii umeitoa wapi, mwanangu?» Nikamjibu kwamba nimeipiga hesabu. Akasema, «Basi hesabu haijawahi kwenda harusini.» Alikishusha kinanda chake, akakaza nyuzi hadi msingi ukalingana na mvumo niliokuwa nimemchezea, kisha akasogeza vishikizo vidogo vya shaba na kuipiga sika yake mara nyingi, polepole, huku nikinasa. Nilipoipima nyumbani, ilikuwa senti 342, chini kidogo ya ile ya vitabu, na akishuka kuelekea kwenye msingi huilegeza zaidi kidogo. Tofauti ya senti 8 ni ndogo mno kwenye karatasi, lakini niliporekebisha, mashine iliacha kusikika kama mgeni anayesoma Kiswahili kwa kamusi. Kipande hicho nimekiita *Sika*.

Maalim nimempa TSh 100,000 kwa siku mbili. Betri na inveta vimenigharimu TSh 180,000, baada ya umeme kukatika katikati ya kuhifadhi na faili moja kufa. Sasa nahifadhi nakala kwenye diski ya pili kila jioni.

2 Machi 2024: Kipande nilichokifuta

Tumo mwezi wa Shaabani na harusi ni nyingi kabla ya mfungo. Wiki mbili zilizopita kulikuwa na kidumbaki nyumba ya tatu kutoka kwetu, wanawake wanaimba na kuitikiana uani, na mimi nikaweka kinasa dirishani. Nilijenga juu yake kipande cha dakika saba, ambamo sauti zile zilikuwa zikinyooshwa mara 20 hadi maneno yakageuka upepo, na kwa masikio yangu kilikuwa kizuri kuliko vyote.

Mama yangu mdogo alikisikia nikikichanganya. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama mwenye harusi anajua, kisha akaniambia kwamba wale ni wake za watu na mabinti za watu, wameimba uani kwa kuwa ni uani. Nilimweleza kwamba hakuna atakayeweza kuwatambua. Akajibu kwamba wao wenyewe watajitambua. Nilikwenda kwa mwenye harusi, nikamweleza na kuomba radhi, naye alinisikiliza kwa upole na kuomba nikifute. Nimekifuta, pamoja na mnaso wa asili. Maalim, mafundi na nahodha niliwaomba ruhusa kabla ya kubonyeza kitufe. Hapa sikuomba kwa sababu nilijua moyoni kwamba ningenyimwa, na kujua huko kulikuwa kunanitosha kuacha.

Albamu sasa ina vipande vitano, dakika 34.

11 Machi 2024: Mfungo

Kesho au keshokutwa ni Ramadhani. Muziki haupigwi hadi sikukuu, nami nimesimamisha kazi. Masikio yatapumzika, na nitakaporudi nitavisikia vipande hivi kama si vyangu.

28 Aprili 2024: Toleo la kwanza na kimya kilichofuata

Tarehe 20 niliwatumia watu 23 albamu nzima kwa simu: jamaa, wanamuziki, vijana wa mtaani. Watatu walisema ni nzuri bila kueleza zaidi. Wengi hawakujibu. Kijana mmoja wa jirani, ambaye huwa hafichi analoliona, aliniuliza kama faili limeharibika, kwa kuwa *Transfoma*, kipande cha ule mvumo, kwake ilikuwa kimya kwa dakika nne, kisha kelele ndogo, kisha kimya.

Nilimfuata, nikaisikiliza kwenye simu yake, na nikaona kosa langu lote mara moja. Nilikuwa nimechanganya albamu kwa spika za masikioni, ambazo hutoa hezi 50 bila tabu. Spika ya simu ni ndogo kama ukucha, na sauti iliyo chini ya hezi 300 haiitoi ila kwa shida kubwa. Noti ya msingi ya albamu nzima ni hezi 100. Nilitengeneza muziki kuhusu sauti ya mtaani, nikaupeleka kwa watu wa mtaani, na chombo chao pekee cha kusikilizia kikawa hakiwezi kuitoa sauti hiyo.

Marekebisho yake yamenichukua wiki nzima, na ndiyo sehemu ya shajara hii ninayotamani zaidi mtu ainakili. Sikio lina tabia ya ajabu: likisikia kwa pamoja sauti za hezi 200, 300, 400 na 500, husikia pia hezi 100, hata kama hiyo haimo kabisa, kwa sababu ndiyo hatua iliyo sawa kati yake. Kwa hiyo sikuhitaji kuilazimisha simu itoe mvumo. Nilihitaji kuipa ndugu za mvumo walio juu. Katika Pure Data nilichukua wimbi la hezi 100, nikaliongeza nguvu mara tatu, nikalipitisha kwenye fomula ya tanh, ambayo huvibana vilele vyake taratibu na kuzalisha hezi 300, 500 na zile zinazofuata kwa witiri. Ili nipate 200 na 400, niliongeza 0.3 kwenye wimbi kabla ya kulibana, jambo linaloufanya upande mmoja ubanwe zaidi ya mwingine, kisha nikaichuja ile ziada kwa kichujio kinachokata chini ya hezi 5. Mara ya kwanza nilizidisha, na transfoma ikalia kama nzi ndani ya kopo. Nilizishusha sauti za juu hadi zikabaki robo ya nilivyoanza, na hapo mvumo ukakaa.

Sasa kila kipande nakisikiliza kwanza kwenye simu ya bei rahisi kuliko zote nyumbani kwetu, na baada ya hapo ndipo navaa spika za masikioni. Toleo la 1.1 limetoka leo. Yule kijana alipolisikia alinyanyua kichwa akaangalia nyuma ya duka la kona.

6 Mei 2024: Kuahirisha

Usikilizaji wa hadhara ulipangwa tarehe 4. Kimbunga Hidaya kilikuwa kikikaribia pwani, boti za kwenda Dar es Salaam zilisimamishwa, na hakuna mtu aliyekuwa na nafsi ya kukaa nje. Mwenye spika alinisogezea miadi bila kukata chochote.

19 Mei 2024: Barazani

Jana usiku, kwa ruhusa ya sheha, kiongozi wa mtaa wetu, tuliweka spika mbili kubwa na subwufa pembeni mwa baraza, baada ya sala ya Isha, kwa makubaliano ya kumaliza kabla ya saa nne. Spika TSh 120,000, kahawa na kashata TSh 20,000, karatasi za maelezo TSh 25,000. Walikuja watu 60 hivi, wengi wao wakiwa wanapita tu na kukaa.

*Kalafati* ilipokelewa kuliko vyote. Sekunde ya tatu tu mzee mmoja alisema kwa sauti, «Hiyo pamba haijaingia sawasawa,» na watu wakaanza kubishana kuhusu ubao na kuhusu fundi. Vijana walitaka ichezeke. Mmoja, anayetengeneza singeli chumbani kwake, alinieleza kwamba mapigo yangu yanakwenda 104 kwa dakika, na kwamba akiyaongeza mara mbili atakuwa amefika mlango wa singeli, ambayo huanzia 200 hivi na kupanda hadi 300. Nilimpa mnaso wote na kumwambia ataje majina ya mafundi wa Nungwi kama wenyewe watakubali.

Swali gumu lilitoka kwa mwalimu mstaafu: kwa nini nimechukua muziki wa Wazungu na kuuvalisha kanzu? Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, na bado nilitetemeka. Nilimweleza kuhusu Halim El-Dabh, kijana wa Cairo ambaye mwaka 1944 aliazima mashine iliyokuwa ikinasa sauti kwenye waya wa chuma, akanasa sherehe ya wanawake ya zaar, kisha akaingia studio ya redio na kuziondoa sauti baadhi na kuzitia mwangwi nyingine hadi ukabaki mvumo wa ajabu. Pierre Schaeffer, ambaye wengi humtaja kuwa mwanzilishi wa kazi ya namna hii, alitoa kazi zake za kwanza Paris mwaka 1948. Mwalimu alinyamaza kidogo, akauliza kama zaar hiyo ndiyo hii ngoma ya pepo tunayoijua, nikamwambia ni jamaa zake. Akasema basi ameelewa kilipotoka, ila bado hakimpendezi. Jibu hilo nimelipokea kwa heshima, kwa kuwa alikaa hadi mwisho.

Kisha *Transfoma*. Subwufa iliutoa mvumo hadi vikombe vya kahawa vikawa vinagongana kwenye sinia. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni kwake, ng'ambo ya njia, aliinuka akaja hadi kwenye baraza. Alisema: «Hii ni sauti ya umeme kurudi.» Alikuwa akikumbuka giza la Unguja, pale njia ya umeme inayotoka bara chini ya bahari ilipoharibika Desemba 2009 na kisiwa kizima kikakaa bila umeme hadi Machi 2010. Na mimi nilikumbuka. Nilikuwa darasa la tano, nikisomea kwa kibatari, na kila nyumba yenye uwezo ilikuwa na jenereta iliyokuwa ikinguruma uani, na ndoo za maji zilipangwa foleni kwa kuwa pampu zilikuwa zimelala. Usiku ule umeme uliporudi, kabla ya taa kutulia, kwanza tuliusikia mvumo, na mtaa mzima ukapiga kelele. Miezi sita nimeifanyia kazi sauti hiyo nikiieleza kwa hezi, bila kujua kwa nini ndiyo niliyoichagua.

2 Juni 2024: Toleo la 1.2

Katika matoleo ya awali mvumo ulianza tangu sekunde ya kwanza. Nimeuondoa mwanzoni. Nimemwomba mwenye duka la kona awashe jenereta yake, nikainasa kwa dakika kumi, na sasa *Transfoma* inaanza na jenereta hiyo ikisikika kwa mbali, sekunde 90, kisha inazimwa, kisha sekunde 11 za usiku mtupu, ndipo mvumo unaingia. Sekunde hizo 11 nilizijaribu kwa urefu wa aina nyingi. Zikiwa 6 mtu hapati nafasi ya kungoja, zikiwa 20 anaangalia simu kama imezimika.

Nimenunua flashi 40 kwa TSh 300,000 na kuweka ndani yake albamu, minaso mitatu ya asili iliyoruhusiwa, na faili zote za Pure Data.

30 Juni 2024: Masikio ya mbali

Albamu imewekwa kwenye duka moja la muziki la mtandaoni linalokata asilimia 15 ya kila mauzo. Njia yao ya malipo haikuniwezesha kupokea fedha nikiwa hapa, kwa hiyo zinapokelewa na binamu yangu anayeishi Muscat. Yeyote anayepanga kuuza nje aulizie jambo hili kabla ya kufungua ukurasa. Mimi nilipoteza wiki tatu.

Wasikilizaji wa Ulaya wamenisifia zaidi *Maji Mafu*, na mmoja ameandika kwamba hajawahi kusikia mashine ya sauti ikipasua namna hiyo, akauliza ni ya kampuni gani. Nimemjibu kwamba ni kamba wa mwambani, na nimemwekea maelezo ya rangi ya kucha na gundi. Kuhusu *Kalafati* hawakusema lolote, ilhali hapa ndicho kipande ambacho watu hukitaja kwa jina.

11 Agosti 2024: Hesabu na toleo la 1.3

Matumizi yote yamefika TSh 1,449,000. Flashi 27 zimeuzwa kwa TSh 12,000 kila moja, ambazo ni TSh 324,000, flashi 5 nimewapa maalim, nahodha, mafundi na sheha, 8 zimebaki. Nakala 44 zimenunuliwa mtandaoni kwa dola 7, na baada ya makato yote binamu amenikabidhi TSh 630,000. Pengo ni TSh 495,000, na limezibwa na mshahara wangu wa kazi nyingine. Kinasa, inveta na visahani vipo na vinafanya kazi.

Wiki iliyopita nilimwekea maalim *Sika* kwenye simu yake mwenyewe, akaisikiliza mara mbili akiwa ameishikilia sikioni kama anayeongea na mtu. Aliridhika na sika. Ila noti ya mwisho, alisema, naikata kabla haijafika nyumbani. Ilikuwa na sekunde 9. Tulikaa pamoja mbele ya kompyuta, nikiirefusha kidogo kidogo, naye akiwa ameinua kidole, na akakishusha tulipofika sekunde 14. Toleo la 1.3 lina mabadiliko hayo tu, na limepakiwa leo asubuhi.